Trela la Mama Lornah

"Dirisha liangalie wapi?" Zadock aliuliza, misumari imemjaa mdomoni, penseli iko sikioni.

Dorca, mkewe, alikuwa amesimama nje ya trela, mikono kiunoni, akilikagua kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni na bado hajaamua kumnunua.

"Liangalie mlango wa Lornah."

"Mlango wa Lornah uko Awasi. Sisi tuko Mamboleo."

"Ndiyo maana nakuambia mapema."

Zadock alitema misumari kiganjani. Yeye alikuwa na mpango wake. Dirisha alilokuwa nalo lilikuwa la basi, vioo viwili vya kusukuma ndani ya fremu ya alumini, halina hata mkwaruzo, na alitaka kulitia mbele kabisa, juu ya mkono wa kuvutia, ili trela likipita barabarani watu waone kioo kinang'aa. Alikuwa ameunda bodi za mabasi na matatu katika kibanda kile cha Mamboleo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na alijua kwamba gari hutazamwa usoni kwanza.

"Ubavuni," Dorca alisema. "Upande wa kitanda. Nikilala nimsikie akiita."

Kwa hilo Zadock hakubishana. Alifuta alama ya penseli aliyokuwa ameichora mbele, akazunguka ubavuni, akachora nyingine.

Lilikuwa trela la kubebea pamba, la magurudumu mawili, mbao zake zimeoza lakini chuma chake kizima. Kiwanda cha pamba kilipofungwa, vyombo vyake viliuzwa kwa yeyote aliyekuwa na mahali pa kuviweka, na Zadock alikuwa na mahali. Lilikaa nyuma ya kibanda misimu kadhaa, kuku wa jirani wakitaga ndani yake, hadi jioni moja Dorca alipoweka sahani chini na kusema kwamba amefikiri.

Alichokuwa anafikiria ni Lornah. Binti yao aliolewa Awasi na Ogola, kijana mpole mwenye kinu cha kusaga mahindi pale sokoni. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ilifika mbali, hata majina yalikuwa yameanza kutajwa, nayo ikaenda. Mara hiyo ya pili Dorca alikuwa amepanga chumba sokoni Awasi ili awe karibu, maana kwa Waluo maro, yaani mama mkwe, halali katika dala, boma la mkwe wake. Hilo huku halina mjadala, liwe jua iwe mvua. Basi mchana alikaa na binti yake, jioni akarudi chumbani kwake sokoni. Alfajiri moja Lornah aliita mama yake, na mama yake hakuwa mahali pa kusikia. Dorca alipofika, matope yamempanda hadi magotini, mambo yalikuwa yamekwisha.

Sasa ilikuwa mimba ya tatu. Daktari alisema Lornah alale, asipande gari bila sababu, asibebe hata kata ya maji. Kumleta kwa wazazi wake ilikuwa haiwezekani, na hata kama ingewezekana, binti aliyeolewa hazalii kwao.

"Katika nyumba ya Ogola siwezi kulala," Dorca alisema jioni ile. "Hata nyumba nyingine ndani ya dala lake siwezi. Lakini gari? Umewahi kusikia mtu amekatazwa kulala ndani ya gari?"

Zadock aliacha kutafuna. Alimtazama mwanamke huyu aliyeishi naye miaka yote hiyo katika chumba cha kupanga pale Obunga, chumba ambacho kila mwaka alimwambia kwamba mwaka ujao watakihama. Kule kwao kijijini Zadock alikuwa na nyumba ya udongo ya wazee wake, iliyokuwa ikianguka kidogo kila masika. Watu wengi kati ya Kisumu na Busia walikuwa wamekaa ndani ya kazi ya mikono yake, wakalala humo safarini, wakala mayai ya kuchemsha humo. Mke wake peke yake hakuwa amepata kitu.

"Nitakuundia," alisema. Na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Maana Zadock alikuwa na ugonjwa mmoja, ambao mafundi wazuri huwa nao: kazi ikimpendeza hajui kuiacha. Alichomelea fremu ya chuma, akaifunika kwa mabati, akaweka paa la mviringo kama la basi ili maji yasikae. Hapo angeweza kutia kitanda na kufunga mlango. Hakufunga. Akatia dari ya plaiwudi, akaipaka vanishi. Akatengeneza kabati la mninga lenye vioo vidogo, la kutundika vikombe. Akatia meza ya kukunjwa. Akatia beseni lenye bomba la kumwagia maji nje, na juu ya paa pipa la kuyaweka. Pembeni akajenga jiko la makaa, akalizungushia matofali, na kulitolea bomba la moshi lililopanda hadi nje na kofia yake juu. Kila jioni Dorca alipopita kutoka sokoni alikuta kitu kipya.

"Baba Lornah, mimi naenda kumwangalia mtoto," alisema siku ya jiko. "Siendi kufungua hoteli."

"Utalala ndani ya bati tupu kama gunia la pamba?"

"Gunia la pamba linalala vizuri tu."

Zadock hakucheka. "Hii ni nyumba yako," alisema, akiwa ameinama juu ya matofali ili asionekane uso. "Ya kwanza kukujengea. Niache niijenge."

Kesho yake Dorca alileta mapazia.

Siku ya kuondoka, aliyelivuta trela alikuwa Walubengo, Mbukusu mmoja wa matani mengi aliyeendesha trekta la miwa, rafiki wa Zadock tangu ujana. Dorca alikuwa ametangulia na basi. Walubengo alifunga trela nyuma ya trekta, akapanda, akakanyaga mafuta, trekta likakohoa kama linalokataa.

"Fundi, umetia kanisa humu ndani?"

"Endesha."

"Mimi navuta miwa kila siku. Miwa haina uzito huu."

Lakini lilikwenda, na safari yenyewe, kwa Zadock, ilikuwa tamu. Alikaa juu ya matairi ya trekta, kwenye bati la pembeni, akigeuka kila mara kutazama nyuma. Rangi ya krimu chini, mstari wa kijani katikati, kofia ya bomba la moshi juu. Nyamasaria watoto walikimbia pembeni. Ahero, waliposimama kununua soda, mwanamke mwenye kapu la samaki aliuliza kinauzwa nini humo ndani.

"Mama wakwe," Walubengo alimjibu. "Tunasambaza dala kwa dala." Mwanamke alicheka hadi akaweka kapu chini.

Walifika Awasi jua likiwa limeanza kuinama. Dala la Ogola lilikuwa mbali kidogo na lami, upande wa chini, kwenye udongo mweusi wa Kano ambao ukikauka unapasuka na ukilowa unameza gumboti. Walubengo aliliingiza trela langoni, akalipitisha kando ya nyumba ya mama yake Ogola, akalisimamisha ubavu kwa ubavu na nyumba ya Lornah. Dirisha la basi lilitazama mlango wa Lornah. Lornah mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka hapo mlangoni, tumbo juu, anatabasamu. Dorca alibaki nje ya lango, barabarani, amekaa juu ya mzigo wake. Alisema hataingia na usiku unakuja mpaka ajue analala wapi.

Trela lilikuwa limeinama upande mmoja, gurudumu la kushoto limezama. Na Zadock akafanya ambacho fundi yeyote angefanya. Aliingiza jeki, akaliinua, akatafuta mawe manne bapa, akayapanga chini ya pembe zake, kisha akaweka pimamaji sakafuni. Povu lake likakaa katikati. Alirudi nyuma hatua chache, akajipangusa mikono, akatazama. Moyo wake ulikuwa umejaa.

"Umemaliza?" sauti iliuliza nyuma yake.

Alikuwa Maximilla, mama yake Ogola, mjane mrefu aliyeuza mchele sokoni, gorogoro, mkebe wake wa kupimia, ikiwa bado mkononi.

"Nimemaliza, mama."

"Na hayo mawe?"

"Ya kusawazisha tu. Udongo wenu unameza."

Maximilla alizunguka trela lote polepole. Alipofika kwenye bomba la moshi aliinua uso, akalitazama sana. "Nyumba yangu mimi, marehemu aliianza na mawe kama hayo," alisema. "Aliyapanga hivyo hivyo. Baba Lornah, mliniambia mnaleta gari. Gari nililikubali. Gari halikai juu ya mawe, na gari halina mahali pa kupikia ugali. Hii umejenga nyumba. Maro hawezi kuwa na nyumba ndani ya dala hili."

"Mama, ina magurudumu."

"Yanafanya kazi gani? Hayagusi hata chini."

Zadock alitazama. Ilikuwa kweli. Magurudumu yalikuwa yananing'inia, upepo unapita chini yake.

Hasira ilimpanda. Alitaka kusema maneno, na maneno hayo yalikuwa tayari: kwamba mtoto aliye hatarini ni wake, kwamba watu wengine kazi yao ni kutafuta sababu. Lakini Maximilla alikuwa ameshusha sauti ili Lornah asisikie.

"Usinione mimi mbaya," alisema. "Wajukuu wawili nimewazika mimi, kwa mikono hii. Kila siku najiuliza tulikosea wapi. Wa tatu sitaki kukosea mahali, hata padogo."

Kutoka barabarani, Dorca, ambaye masikio yake hayakuwa na mchezo, aliita kwa upole.

"Baba Lornah. Toa mawe."

Aliyatoa. Trela lilishuka, likainama, gurudumu likazama mahali pake pa zamani.

"Sasa lisukumwe," Maximilla alisema. "Mimi si mtu wa maneno mengi. Gari linasukumika. Wanaume wa dala hili wakilisukuma likaenda, ni gari, na aliye ndani ni msafiri. Litasogezwa kila Jumapili, hata kidogo, ili lisisahau. Lisiposogea, Walubengo alirudishe leo hii."

Walikuwa Ogola na ndugu zake watatu. Walivua mashati, wakaweka mabega. Walubengo akafungua trekta na kuliondoa, Zadock mwenyewe akashika mkono wa kuvutia mbele. Wakasukuma. Trela halikutikisika. Wakasukuma tena, miguu ikichimba udongo, na kilichosogea ni Ogola, aliyeteleza akaanguka kifudifudi. Lornah akacheka pale mkekani, kisha akashika tumbo na kunyamaza.

Zadock alimwona binti yake anashika tumbo. Akachukua spana.

Kwanza lilishuka pipa la juu ya paa. Kisha beseni na bomba lake. Kisha meza. Wakasukuma, trela likatikisika kama ng'ombe anayeota, likatulia. Zadock akaingia tena ndani, akasimama mbele ya jiko. Alikuwa ameyasugua matofali yale moja moja ili yaingiane bila pengo. Aliinua nyundo, akaishusha, akaendelea kuishusha. Nje walisikia tu mlio, na matofali yakawa yanatupwa mlangoni. Bomba la moshi alilivuta kutoka juu, akaziba tundu kwa kipande cha bati.

"Utapika jikoni kwangu," Maximilla alimwambia Dorca kwa sauti ya kufika barabarani. "Kuni zipo."

"Asante, Mama Ogola."

Likabaki kabati. Hapo Zadock alikawia. Bolti zake alizifungua kwa mkono badala ya spana, taratibu, kana kwamba kuna mtu analala ndani. Walubengo, aliyekuwa na utani kwa kila kitu, alimsaidia kulibeba bila kusema lolote. Walipolitua kwenye nyasi, vioo vyake vidogo vikashika jua la jioni, na Zadock akaona aibu, maana alijua machozi yako karibu.

"Lisikae nje, litanyeshewa," Maximilla alisema. "Liingizeni kwangu. Kwa muda." Nawaambia, kabati lile lipo kwa Maximilla hadi leo, na vikombe vyake vya sikukuu vimo.

Wakasukuma, na safari hii gurudumu lilipanda kidogo kutoka kwenye shimo lake, likarudi. "Mimi huku sina pa kushika," ndugu mmoja wa Ogola alilalamika. Alikuwa upande wa dirisha. "Nikiweka mkono ni kioo. Gari likikwama mtu hushika fremu ya dirisha."

Zadock alilitazama dirisha la basi. Halikuwa na hata mkwaruzo. Alifungua skrubu zake zote, akaling'oa zima, akalilaza juu ya matofali. Pale palipobaki wazi aliweka ubao mmoja wa kufunika, akaushikisha kwa vipande viwili vya mpira wa tairi ili upande na kushuka.

"Sasa shika."

Alirudi mbele. Safari hii hakuvuta tu kwa mikono, alijiegemeza na mwili wote, na nyuma yake akasikia vijana wakiguna pamoja. Trela likapanda. Likatoka kwenye shimo, likaenda, likaendelea kwenda, mpaka Walubengo akapaza sauti kwamba wanalipeleka Kericho. Wakaligeuza, wakalirudisha mahali pake, tundu la dirisha likitazama mlango wa Lornah.

Katika mwendo ule Zadock aligundua kitu. Alikuwa anasikiliza, kama fundi anavyosikiliza bodi mpya barabarani. Hakuna kiungo kilicholia. Fremu yote ilikuwa imenyamaza, imeshikana, nyepesi, inakwenda. Aliingia ndani. Kulikuwa na kitanda, ndoano ya taa, ndoo yenye kifuniko, na mwanga wa jioni unaoingia dirishani na kuangukia mto. Kisha alitoka, na alipotoka alikuwa amenyoosha mgongo.

"Ni gari," Walubengo alisema.

Maximilla alipiga gurudumu kwa gorogoro yake, mara moja. "Ni gari. Msafiri aingie."

Ogola alikwenda nyuma ya nyumba ili asikutane uso kwa uso na mama mkwe wake, na Dorca akaingia langoni na mzigo kichwani. Alipanda ndani ya trela, akakaa kitandani, akaupandisha ule ubao.

"Lornah," aliita, si kwa nguvu.

"Mama."

"Basi. Nilikuwa napima."

Kila Jumapili Zadock alikuja na basi la asubuhi, mkebe wa grisi mfukoni. Watu walipotoka kanisani alipaka grisi kwenye ekseli, vijana wakavua mashati, na trela likasogezwa kidogo. Hawakulisogeza ovyo. Dirisha lilipaswa kutazama mlango, na kwa kuwa nyumba ilikuwa haisogei, trela lilikuwa linaizunguka mbele yake polepole, likiacha alama za magurudumu zilizopinda kwenye nyasi. Dorca alikuwa akikaa ndani wakati huo, ubao umeshushwa, maana mmoja wa wanaosukuma ni mkwe wake, na mkwe na maro hawatazamani. "Nasafirishwa kama waziri," alimwambia mumewe. Majirani walianza kupita kila Jumapili kwa makusudi, wakaegemea ua. Mmoja alimuuliza Zadock kama anaweza kumtengenezea la kuuzia chai barabarani. "Niambie kwanza nini kinaweza kukosekana," Zadock alimjibu, akajisikia mtu mkubwa.

Jumapili ya mvua kubwa ilifika kabla ya siku za kujifungua alizotaja daktari. Barabara ya udongo ilikuwa mto tangu jana yake. Hakuna gari lililoweza kushuka kutoka kwenye lami, na lililojaribu lilikuwa limekwama pale juu, milango wazi, mwenyewe amelikimbia. Zadock alifika kwa miguu, viatu mkononi. Wanaume wote walikuwa nyumbani kwa Maximilla wakingoja mvua ipungue ndipo walisogeze trela, na mvua ilipiga mabati kwa kishindo hata mtu akiombwa sukari ilibidi aombwe mara mbili.

Lornah aliita. Ndani ya kishindo kile nani angemsikia? Nyumba ya Maximilla haikusikia chochote. Lakini Dorca alikuwa amelala upande wa dirisha, na dirisha halikuwa na kioo.

Walichoona waliokuwa ndani ni Dorca, ametoka kwa Lornah, amesimama kizingitini, kichwa wazi, maji yanamtiririka, anapiga mlango wa Maximilla kwa kiganja. Ogola, mkwe wake, aligeuza uso ukutani.

"Chupa ya uzazi imepasuka," Dorca alisema. "Na kuna damu. Apelekwe barabarani sasa hivi."

"Kwa kitu gani?" Ogola aliuliza, bado ametazama ukuta. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Hakuna gari linaloshuka hapa."

Wote walifikiria jambo moja, lile trela, na hakuna aliyethubutu kulitaja. Mke wa mtu, katika hali ile, alale juu ya kitanda cha mama mkwe wa mumewe? Wote walimtazama Maximilla.

Maximilla alikuwa tayari anafunga leso kiunoni. "Si ni gari?" alisema. "Au nilikosea? Mpakieni."

Walimbeba Lornah na mkeka wake. Dorca na Maximilla walipanda naye, mlango ukafungwa. Zadock akashika mkono wa mbele, Ogola na ndugu zake wakashika nyuma na ubavuni, na trela lile la pamba likatoka katika mzunguko wake kwa mara ya kwanza, likaelekea langoni.

Njia ilikuwa inapanda. Maji yaliwashuka miguuni. Zadock hakuwa kijana tena na mabega yalimwambia hivyo, lakini magurudumu yalizunguka bila kulia, na alijua, kwa ule uzito aliokuwa ameushika, kwamba kama lingekuwa na kabati tu zaidi, wangekuwa bado wako uani. Nyuma yake alimsikia Ogola akihema. Kijana alikuwa ameshika fremu ya dirisha, paji la uso limegandamizwa kwenye bati, macho yamefungwa, anasukuma. Ndani, sauti za wanawake wawili ziliingiliana, moja ikisema pumua, nyingine ikisema bado, bado, sasa.

Lami ilikuwa imeanza kuonekana pale juu ndipo Lornah alipopiga kelele moja. Kisha hapakuwa na sauti. Ogola akaacha kusukuma. Wote wakaacha. Zadock alibaki amejiegemeza mbele, anazuia trela lisirudi nyuma, na katika maisha yake hakuwahi kusikiliza bodi yoyote kama alivyoisikiliza hiyo.

Halafu mtoto akalia. Alilia kwa hasira, na kilio kikatoka pale ambapo kioo hakikuwapo, kikaenda juu ya mashamba ya mpunga.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Maximilla alichungulia, leso imelowa, mikono imelowa.

"Mama yake mzima. Anahitaji daktari, kwa hivyo msisimame hapo kama miti. Ni msichana."

"Amezaliwa?" Ogola aliuliza.

"Kwani umesikia mbuzi?"

"Amezaliwa wapi?" Lilikuwa swali la kijinga, lakini ndugu zake hawakucheka, maana nao walikuwa wanangoja jibu lake. Mtoto wa dala hilo hakuweza kuzaliwa katika nyumba ya maro.

Maximilla alitazama nyuma, lango lilivyokuwa mbali. Akatazama mbele. Akapiga ukuta wa trela kwa kiganja chake kilicholowa, mara moja, kama alivyolipiga gurudumu siku ile.

"Amezaliwa njiani," alisema. "Ndani ya gari. Anaitwa Ayoo, kama msichana yeyote aliyezaliwa njiani. Sukumeni."

Hawakusukuma mara moja. Ubao wa dirisha ulikuwa unapanda. Dorca alikuwa amejifunika leso kichwa na uso wote, hata macho, kama inavyompasa, na mikono yake miwili ikatoka nje ikiwa imeshika kifurushi kidogo. Alikishikilia pale, kwenye mvua iliyokuwa imebaki matone. Ogola alifumbua macho. Aliweka kidole kimoja shavuni kwa binti yake, na mtoto akanyamaza kulia.

Zadock aligeuza uso mbele, akashika vizuri mkono wa trela. Lami ilikuwa inatoa mvuke pale juu, na lori moja lilikuwa limeanza kupunguza mwendo. Nyuma yake magurudumu yalizunguka tena, polepole, na mkono wa Ogola ulikuwa bado uko dirishani.